Duara limekuwa yai: uwiano sahihi wa picha ni upi tunapohamisha katuni za zamani kutoka kwenye DVD?

#1 SandukuLaKatuni
Wakuu, salaam. Nina diski zangu za DVD za katuni fupi za Marekani za miaka ya 1940, na kwa kuwa baadhi zimeanza kukwaruzika nimeamua kuzihamishia kwenye kompyuta kabla hazijagoma kabisa. Ninatumia MakeMKV kutoa faili kwenye diski, kisha HandBrake kulipunguza ukubwa. Diski ni za PAL (mfumo wa televisheni wa Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika), kwa hiyo kila fremu imehifadhiwa kwa pikseli 720 kwa 576, nami ninaitanua hadi 768 kwa 576 ili nipate uwiano wa 4:3 wa televisheni za zamani.

Katuni mojawapo hufunguliwa na duara kubwa lililozunguka jina lake. Nilisimamisha fremu, nikalipima, nikakuta urefu wa pikseli 400 kwa upana wa 391. Hilo si duara tena, ni yai lililosimama wima. Naomba kujua aliyekosea ni nani kati ya mchoraji, mtengenezaji wa diski na mimi ninayehamisha, maana sitaki kuhifadhi mkusanyiko mzima ukiwa na kasoro ambayo ningeweza kuizuia leo. Jambo la pili ni kwamba kitu kinaposogea haraka, kingo zake huota vimistari vya mlalo. Hilo nalo linatibiwaje?

#2 FundiChogo
Mleta uzi, anza na televisheni yako. Nyingi kati ya hizi bapa hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa zitanue kila picha mpaka ijae kioo cha 16:9, na ukichomeka flashi nyingine hazisomi kabisa maelekezo ya uwiano yaliyomo kwenye faili. Ingia kwenye menyu, chagua 4:3, kisha urudi hapa.

#3 SandukuLaKatuni
Ahsante, mkuu, lakini televisheni haihusiki. Nimepima kwenye kompyuta, juu ya fremu iliyosimamishwa, pikseli kwa pikseli. Tena televisheni inayotanua ingelifanya duara kuwa pana, ilhali langu limekonda.

#4 Darubini
Ulichokipima kina maelezo, na kilikuwapo kabla DVD haijazaliwa. Kanuni ya kimataifa ya kugeuza picha ya televisheni kuwa namba, inayojulikana kama BT.601 na iliyopitishwa mwaka 1982, huchukua sampuli milioni 13.5 kwa sekunde. Katika PAL, sehemu ya mstari yenye picha hudumu mikrosekunde 52. Zidisha 52 kwa 13.5 na utapata 702. Kwa maneno mengine, picha halisi ya 4:3 inakaa ndani ya pikseli 702, ambazo kwa kawaida huchukuliwa kuwa 704 kwa sababu namba hiyo hugawanyika kwa 16, na zile zinazobaki hadi kufika 720 ni akiba ya pembeni, takriban nane kila upande. Ndiyo maana diski nyingi zina kiukanda cheusi chembamba kushoto na kulia.

Wewe umechukua pikseli zote 720 na kuzifanya 4:3, kwa hiyo umezibana. Ukifuata kanuni, 720 zinapaswa kutanuliwa hadi takriban 786. Chukua upana wako wa 391, uzidishe kwa 786, ugawe kwa 768, utapata 400. Duara limerudi.

#5 MtuWaSinema
Hesabu ya Darubini ni safi, ila imesahau kwamba katuni hizi hazikutengenezwa kwa ajili ya televisheni. Katuni fupi za miaka ya 1940 zilipigwa kwenye filamu ya milimita 35 ili zionyeshwe sinema kabla ya filamu kuu, na uwiano uliotumika Hollywood tangu mwaka 1932 ni 1.375 kwa 1, siyo 1.333 (yaani 4:3). Tofauti ni kama asilimia tatu. Wakati wa kuhamisha filamu kwenda kwenye mkanda wa televisheni, fundi alikuwa na njia mbili: kukata kidogo pembeni, au kuibana picha nzima iingie bila kupoteza kitu. Akiibana, kila duara hukonda. Naamini diski ya mleta uzi imetoka kwenye mkanda wa aina hiyo.

#6 Darubini
Nakubali kuhusu 1.375, lakini kubana hakukuwa desturi. Mashine za kuhamisha filamu zilipangwa zikate, kwa sababu mtazamaji hakuweza kujua kilichokatwa, ilhali picha iliyobanwa humkera mtu hata asipojua sababu. Zaidi ya hapo, kubana kwa asilimia tatu kungempa mleta uzi upana wa 388, na yeye amepata 391.

#7 BiKalamu
Mimi nachora vibonzo vinavyotembea, kwa hiyo nimtetee mchoraji. Karatasi za kazi hii zina vipimo vyake. Eneo linaloitwa fildi 12 lina upana wa inchi 12 na urefu wa takriban inchi 8.75, nanyi mkigawanya mtapata ule ule uwiano wa MtuWaSinema. Kadi ya jina la katuni ilichorwa kwa mkono na fundi wa herufi, mara nyingi kwa rangi juu ya kioo au seluloidi (karatasi angavu ya plastiki), ikalazwa chini ya kamera iliyoning'inia juu yake. Duara la kwenye kadi linaweza kuwa limechorwa kwa bikari na likawa kamili, au likawa limekamilishwa kwa brashi na kupungua hapa na pale. Pikseli tisa katika 400 ni kitu ambacho mkono wa binadamu unaweza kukifanya bila mwenye mkono kugundua.

Nawaomba msihukumu diski nzima kwa duara moja. Tena msipime macho, vichwa wala magurudumu yaliyo katika mwendo, kwa sababu sanaa hii imejengwa juu ya kubonyeza na kuvuta maumbo. Mpira unaodunda huchorwa ukiwa bapa pale unapogusa ardhi, na hakuna uwiano utakaourudisha kuwa duara. Nyingi ya Looney Tunes za kipindi hicho zina mfululizo wa maduara yaliyozungukana kwenye ufunguzi, na hayo yanafaa zaidi kwa kipimo kwa sababu yako mengi katika fremu moja.

#8 MuscatMswahili
Wachoraji wamepata wakili hodari leo. Nami niongeze kesi yangu. Diski zangu ni za NTSC (mfumo wa televisheni wa Marekani na Japani), pikseli 720 kwa 480, na niliamua kutokata hata pikseli moja. Matokeo yake katika katuni kadhaa ninaona ukingo wa seluloidi, mahali ambapo mandhari ya nyuma imeishia kabla ya fremu kuisha, na mara nyingine mkono wa mhusika unaokatika ghafla pembeni. Je, hivyo vilikusudiwa tuvione? Nikikata, napoteza picha. Nisipokata, naona vitu ambavyo mchoraji aliamini vimefichika.

#9 FundiChogo
Hapo ndipo nilipotaka tufike. Nimetengeneza televisheni za chogo miaka mingi, na hakuna hata moja iliyokuwa ikionyesha picha nzima. Fremu ya plastiki ilifunika kingo, na kiwandani picha iliachwa izidi kioo ili umeme ukipungua na picha ikasinyaa mteja asione weusi pembeni. Watengenezaji wa vipindi walilijua hilo, wakaweka mambo muhimu ndani ya eneo la katikati na kuacha pembeni bila kitu cha maana.

Sasa tuzungumze ukweli kuhusu maduara. Ndani ya chogo kulikuwa na virekebishi vya upana na urefu, na kila fundi alivikaza kwa jicho lake. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya sabini mwanzoni, bara tukasubiri hadi mwaka 1994, na kwa muda wote huo sijawahi kukuta seti mbili zinazoonyesha duara lenye vipimo sawa. Kwa hiyo huu ugomvi wa 768 na 786 unatafuta usahihi ambao hakuna mtazamaji aliyewahi kuuona.

#10 Darubini
FundiChogo, kwa heshima zote, kosa la seti ya nyumbani halikuingia kwenye mkanda. Mkanda ulitengenezwa kwa vipimo, na sisi tunahifadhi kilichomo kwenye mkanda. Tusihifadhi kasoro za sebule zetu.

#11 NyaliMombasa
Huku mkibishana kuhusu asilimia mbili, naomba tusisahau wanaokata robo nzima. Ukitaka picha ya 4:3 ijaze kioo cha 16:9 bila kuitanua, lazima uondoe asilimia 25 ya kimo chake. Dragon Ball Z ilirushwa Japani kuanzia 1989 hadi 1996 ikiwa 4:3, lakini seti zilizotolewa Marekani kuanzia 2007 zilikatwa juu na chini kisha zikauzwa kwa jina la picha pana. Nywele za wapiganaji zilikatwa, miguu ikakatwa, na juu ya hayo chembe za filamu zikasuguliwa mpaka baadhi ya mistari ya wino ikafifia. The Simpsons nayo ilipoingia Disney+ mwaka 2020 ilikuwa imekatwa vivyo hivyo. Kuna mzaha wa kiwanda cha bia ambapo aina tatu za bia zinatoka kwenye bomba moja, na bomba lenyewe liko juu ya fremu. Walipolikata, mzaha ukafa.

Anayehamisha diski za aina hiyo hana cha kurekebisha, kwa sababu kilichokatwa hakimo kwenye diski. Ushauri wangu ni kutafuta toleo jingine kabla ya kupoteza muda na programu.

#12 Mkusanyaji_Moro
Sahihisho dogo kwa NyaliMombasa: Disney+ ilianza Novemba 2019 na The Simpsons ikiwa imekatwa. Mwaka 2020, mwezi wa Mei, ndipo waliporudisha chaguo la 4:3 baada ya mashabiki kulalamika. Pia tuwe waangalifu, kwa sababu vipindi vya The Simpsons vya kuanzia 2009 vilitengenezwa kwa 16:9 tangu mwanzo. Akija mtu na kuvibana viwe 4:3 eti ni katuni ya zamani, atakuwa amefanya kosa lile lile kwa upande wa pili.

#13 NyaliMombasa
Ahsante, nimeipokea. Hoja yangu kuhusu bomba inasimama.

#14 BaridiToronto
Nijibu swali la pili la mleta uzi, lile la vimistari, kwa sababu limepitwa. Picha ya televisheni ya zamani haikutumwa nzima. Ilitumwa mistari ya namba witiri kwanza, kisha ya namba shufwa, na nusu hizo mbili zikikutana ndani ya fremu moja wakati kitu kimeshasogea, ndipo vimistari hutokea. Kwa diski za NTSC za katuni zilizopigwa kwenye filamu, chanzo chake kinajulikana: filamu ina fremu 24 kwa sekunde, televisheni inahitaji karibu 30, kwa hiyo nusu fremu zilirudiwa kwa mpangilio wa tatu na mbili. Katika kila fremu tano utakuta tatu safi na mbili zilizochanganyika. Hapa usitumie kichujio cha kufuta mistari, kwa sababu kitafifisha hata fremu zilizo safi. Tumia kichujio cha kurudisha mpangilio wa filamu, ambacho HandBrake inakiita Detelecine, na wanaotaka udhibiti zaidi wanatumia AviSynth au VapourSynth. Ukifanikiwa utapata fremu 23.976 kwa sekunde, kila moja ikiwa nzima.

Kwa PAL ni rahisi zaidi. Filamu ya fremu 24 ilichezwa kwa fremu 25, basi. Ndiyo maana kila katuni ya PAL inakwenda mbio kwa asilimia nne na sauti zimepanda kidogo, na kipindi cha dakika 22 huisha kwa takriban dakika 21.

#15 MtuWaSinema
"Kila katuni ya PAL" ni neno kubwa mno, BaridiToronto. Ziko diski za PAL zilizotengenezwa kutoka kwenye kanda za NTSC kwa mashine ya kubadili mfumo, na hizo mwendo wake ni wa kawaida, lakini mashine ilichanganya picha jirani ili kupata 50 kutoka 60. Ukisimamisha fremu utaona mhusika mmoja mara mbili, mmoja mzito na mwingine kivuli. Hizo ndizo mbaya kuliko zote, kwa sababu mchanganyiko umeshachomwa ndani ya picha na kuutenganisha ni vigumu mno. Mleta uzi achunguze kwanza diski yake ni ya aina ipi. Akiona kivuli badala ya vimistari, ajue anashughulikia tatizo jingine kabisa.

#16 BaridiToronto
Ni kweli, nimekubali. Niongeze kwamba anime (katuni za Kijapani) nyingi za kale zina tatizo la nusu kwa nusu. Michoro ni ya filamu, lakini majina yanayopanda mwishoni yaliwekwa juu yake kwa mitambo ya video, kwa hiyo ukirudisha mpangilio wa filamu michoro inatulia huku majina yakipanda kwa kusitasita.

#17 Kibandani
Nauliza kwa niaba ya sisi tuliobaki na VCD. Mtaani kwetu ndizo zilizojaa kabla ya DVD kushuka bei, na katuni nyingi za utotoni mwangu ninazo kwa njia hiyo pekee. Picha zina vigae vigae, hasa mhusika anapokimbia. Je, kuna cha kuokoa?

#18 Darubini
VCD ya PAL ina pikseli 352 kwa 288 tu, na picha imepewa kilobiti 1150 hivi kwa sekunde, ilhali DVD inaruhusu hadi megabiti 9.8. Vigae unavyoviona ni taarifa zilizotupwa siku diski ilipotengenezwa. Nakili faili lilivyo, usiligandamize tena hata kidogo, na uache kichezeshi kama VLC kilitanue wakati wa kutazama. Kila ukiligandamiza upya unaongeza vigae juu ya vigae.

#19 Mkusanyaji_Moro
Ushauri huo ningeupanua hadi kwa DVD. Diski ya tabaka mbili haizidi gigabaiti 8.5, na diski kuu za kompyuta leo zina nafasi. Nakala ya MakeMKV haigusi picha, inahamisha tu. Ihifadhi hiyo kuwa nakala mama, kisha tengeneza nakala ndogo ya kutazama kwa uwiano wowote unaokupendeza. Siku mkikubaliana kuhusu 768 na 786, mwenye nakala mama atatengeneza upya, na aliyekata na kufuta atabaki na alichonacho.

#20 Kibandani
Nimeelewa, shukrani. Na hizi programu za akili bandia za kukuza picha hadi iwe ya kisasa? Jirani yangu amekuza katuni moja na inang'aa sana.

#21 BiKalamu
Inang'aa kwa sababu programu imechora upya kitu isichokielewa. Mstari wa penseli au wino una uzito unaobadilika: unaanza mwembamba, unanenepa kwenye kona, unamalizika kwa ncha. Programu hizi huusawazisha mstari wote uwe na unene mmoja, na pale mistari miwili inapokaribiana, kama vidole, huiunganisha. Rangi za majimaji za mandhari ya nyuma huwa plastiki. Nimeona macho ya mhusika yakigeuzwa vitone kwa sababu alikuwa mbali na programu haikujua kuwa ni macho. Kazi ile ilifanywa na watu walioinama mezani miezi mingi kwa ajili ya dakika saba za katuni, na ninaumia nikiona inasuguliwa namna hiyo kwa kubonyeza kitufe.

#22 NyaliMombasa
Naafiki kuhusu mistari, ila siafiki kwamba kila chenga ni mali ya mchoraji. Chembe za filamu sawa, zibaki. Lakini vumbi lililonaswa chini ya seluloidi, mikwaruzo ya nakala iliyochezwa sinema mara nyingi, na zile rangi za upinde wa mvua zinazotetemeka kwenye mistari myeusi kwa sababu mkanda ulikuwa wa mfumo duni, hayo hayakukusudiwa na yeyote. Kuyapunguza kwa kiasi si dhambi.

#23 MtuWaSinema
Kuna mahali ambapo hatuna uchaguzi. Moto uliozuka Rochester, New York, mwaka 1978 kwenye hifadhi ya George Eastman House uliteketeza negativu nyingi za awali (filamu zenyewe zilizotoka kwenye kamera), zikiwamo za katuni za MGM za kabla ya miaka ya hamsini. Tom and Jerry nyingi za mwanzo tunazozitazama leo zimetoka kwenye nakala zilizosalia, siyo negativu zenyewe. Nakala ya nakala huwa na chembe nzito zaidi na mistari laini zaidi, na hakuna kichujio kinachoweza kuzirudisha kwenye hali ya negativu. Hata Tom and Jerry za miaka ya 1954 hadi 1958 zina kesi yake, kwa sababu nyingi zilitengenezwa kwa picha pana ya CinemaScope, na televisheni zikazikata ziwe 4:3. Kwa hizo, anayedai 4:3 ndiye anayepoteza picha.

Kwa upande wa HandBrake, chaguo la Animation limepangwa kwa michoro yenye rangi tambarare. Kwa katuni ya filamu yenye chembe huifanya picha iwe laini kupita kiasi. Jaribu ya kawaida kwanza, tena kwa biti 10, ili anga la mandhari ya nyuma lisigawanyike kwa matabaka.

#24 SandukuLaKatuni
Nimesoma yote, na nimefuata ushauri wa BiKalamu wa kutohukumu kwa duara moja. Diski ile ile ina katuni nyingine zenye maduara kwenye kadi za majina. Nikitanua hadi 768 kama mwanzo, moja ina upana wa 387 kwa urefu wa 400, nyingine ina 400 kwa 400 kamili, na ile ya kwanza inabaki 391. Hakuna yenye kivuli cha kubadilishwa mfumo. Ile iliyo kamili haina kiukanda cheusi pembeni, na mbili nyingine zinacho.

#25 MtuWaSinema
Hiyo ya 387 ni asilimia tatu. Imebanwa kutoka 1.375, kama nilivyosema.

#26 Darubini
Na ile ya 391 ina kiukanda cheusi na inafuata 702, kama nilivyosema. Ile iliyo kamili huenda ilihamishwa upya kwa vifaa vya kompyuta vinavyochukua 720 yote kuwa picha. Ninachokiona ni diski moja iliyokusanywa kutoka kwenye kanda za vyanzo tofauti.

#27 BiKalamu
Au ni mafundi watatu wa herufi, kila mmoja na mkono wake.

#28 FundiChogo
Mleta uzi, kabla ya kukubali upande wowote, pima unene wa hivyo viukanda vyeusi kwa kila katuni, kushoto na kulia, na utupe namba. Kiukanda cha pikseli nane kila upande kitampa nguvu Darubini. Kikiwa kinene upande mmoja tu, picha ilisogezwa wakati wa kuhamishwa, na hapo hesabu zote mbili zitabidi zianze upya.

#29 SandukuLaKatuni
Nitapima jioni. HandBrake ilikuwa ikivikata yenyewe, kwa hiyo narudi kwenye faili za MakeMKV na kuzima ukataji wa moja kwa moja.